“Put off” ya Kiingereza: kinachosogezwa ni siku au ni moyo wa mtu?

Msomaji mmoja anayefanya kazi ya mapokezi katika hoteli ya Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, ameniandikia hivi:

“Mwalimu, shikamoo. Mgeni wetu mmoja, mama wa Kiingereza, alikuwa ameweka safari ya boti kwenda Mnemba kutazama samaki yeye na mumewe. Asubuhi ya safari kaskazi ilivuma kwa nguvu, akaniletea ujumbe wa simu: ‘The waves have rather put my husband off. Could we put the trip off till Thursday?’ Mimi skuli nilifundishwa kwamba put off ni kuakhirisha, basi nikafahamu kuwa mume amecheleweshwa na mawimbi, nikamwambia nahodha angoje. Nahodha alingoja mpaka maji yakapwa na wageni hawakutokea. Naomba unifahamishe put off ina maana ngapi, kwa nini maneno yenyewe hukatwa katikati, na kama naweza kuitumia ninapoandika barua za ofisi.”

Marahaba. Nakushukuru kwanza kwa kuninukulia sentensi zote mbili kama zilivyoandikwa, kwa sababu put off ni miongoni mwa maneno ambayo sikubali kuyatolea maana mpaka niyaone yamekaa ndani ya sentensi. Anayeuliza maana yake peke yake hupewa jibu moja, nalo humtosha kwa nusu ya mambo atakayokutana nayo, kisha nusu ya pili humpoteza.

Mgeni wako alisema hivi: mawimbi yamemtoa hamu mume wangu, je, tunaweza kuisogeza safari hadi Alkhamisi? Katika sentensi ya kwanza aliyefanyiwa put off ni mume, ambaye ni mtu, na katika ya pili iliyofanyiwa put off ni safari, ambayo ni jambo lenye siku na saa yake. Tofauti yote imo humo. Jambo lenye wakati wake likifanyiwa put off, basi limeakhirishwa. Mtu akifanyiwa put off, mara nyingi kilichoguswa ni moyo wake, akili yake au matumaini yake, na kuakhirisha hakuna nafasi hapo. Ukiukamata mwongozo huu mmoja, yaani kuuliza kila mara ni nani au ni nini kilichofanyiwa put off, utazifahamu sentensi nyingi sana bila ya kufungua kamusi.

Neno “rather” katika ujumbe ule nalo linastahili kutazamwa. Waingereza wana desturi ya kupunguza ukali wa jambo wanapolisema, hasa linapohusu hofu au malalamiko, na mara nyingi anayeandika “rather put off” anakusudia kuwa mtu ameingiwa na khofu ya kweli na hatoki. Kwa hiyo hata kama sentensi ya pili isingekuwapo, ya kwanza ilitosha kukuonesha kwamba wageni wale hawakuwa njiani.

Sasa tuje kwenye asili yake, kwa kuwa ukiielewa maana hazitakuwa nyingi kama zinavyoonekana. “Put” ni kuweka, na “off” ni hali ya kitu kuachana na mahali kilipokuwa kimeshika au kimesimama. Sisi tunazo njia zetu za kugeuza kitenzi, nazo huwa mwishoni mwa kitenzi chenyewe: tunafunga na kufungua, tunatega na kutegua, tunaziba na kuzibua. Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo katika vitenzi vyake vya kila siku, badala yake huchukua kitenzi kifupi na kukipa kijineno cha kukifuata, na kijineno hicho ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya maana. Sisemi kuwa “off” ni sawasawa na mkia wetu wa kugeuza, ila kazi zao zinakaribiana kiasi cha kukusaidia kukumbuka kwamba usilitazame “put” ukalisahau “off”.

Maana ya zamani inaliweka hilo wazi. Katika tafsiri ya Qur’ani kwa Kiingereza ya Abdullah Yusuf Ali, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1934, aya ya 12 ya sura ya Taha, pale Nabii Musa anapoamrishwa avue viatu, imeandikwa “put off thy shoes”. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 nayo imetumia maneno hayo hayo katika kisa hicho hicho. Kiatu kinaachana na mguu, na hiyo ndiyo “off” kwa maana yake ya kushikika. Leo Mwingereza akitaka kukwambia uvue viatu atasema “take off your shoes”, na hivyo ndivyo yanavyopaswa kuandikwa mabango ya kuwaongoza wageni milangoni mwa misikiti yetu, kwa sababu “put off” kwa maana ya kuvua imebakia vitabuni tu.

Kutoka hapo ni hatua fupi. Siku ya shughuli ikiachana na mahali ilipopangwa, shughuli imeakhirishwa. Moyo wa mtu ukiachana na jambo alilokuwa akilitaka, ametoka hamu. Akili ikiachana na kazi iliyokuwa ikiifanya, imevurugwa. Chombo kikiachana na ufuo kwenda baharini, Waingereza pia husema “the boat put off from the shore”, ingawa hiyo utaisoma katika hadithi zaidi kuliko kuisikia kwa wageni wako.

Nianze na kuakhirisha, kwa kuwa ndiyo maana uliyofundishwa. “The match has been put off until Sunday” ni mechi imeakhirishwa hadi Jumapili, na “They put off the wedding for a month” ni harusi imesogezwa mbele kwa mwezi mmoja. Ukitaja siku mpya utatumia “until” au “till”, na ukitaja urefu wa muda utatumia “for”. Umbo la “put” halibadiliki katika wakati uliopita, hivyo “we put off the trip” inaweza kuwa tuliakhirisha jana au huwa tunaakhirisha kila mara, na maneno mengine ya sentensi ndiyo yatakayokuonesha ni ipi.

Lakini hapa ndipo lilipotokea kosa la asubuhi ile, nalo ni kosa la wengi: kuakhirisha na kuchelewesha si jambo moja. Boti ya Pemba ikifika bandari ya Malindi, hapa Unguja, ikiwa imechelewa kwa saa mbili kwa sababu ya bahari, hiyo ni “delayed”. Safari ilikuwapo, imechelewa tu, na hakuna aliyeamua ichelewe. Boti hiyo ikitangazwa kuwa haitaondoka leo bali itaondoka kesho, safari yake imefanyiwa “put off”, maana pana mtu aliyekaa akaamua. Katika put off ya kuakhirisha daima yupo mwenye uamuzi, hata kama hakutajwa. Mawimbi hayana uamuzi, kwa hiyo hayawezi kumfanyia mtu put off kwa maana ya kumpangia wakati mwingine, na hiyo peke yake ilikuwa dalili ya kuwa maana iliyokusudiwa ni nyingine.

Ipo pia jirani yake ambayo mtu wa mapokezi hana budi kuitofautisha, nayo ni “call off”. “The trip has been called off” ni safari imevunjwa, haipo tena, na mgeni ana haki ya kuuliza habari ya fedha zake. “The trip has been put off” ni safari ipo na siku mpya inatajwa au itatajwa. Nimesikia watu wakizibadilisha kana kwamba ni kitu kimoja, na matokeo yake ni ugomvi dirishani ambao haukuwa na sababu.

Kitenzi kinachofuata put off kwa maana ya kuakhirisha huchukua umbo lenye “-ing”. Husemwa “I keep putting off going to the dentist”, wala haisemwi “putting off to go”. Sentensi hiyo ina kitu cha zaidi ambacho neno rasmi la “postpone” halina: mtu anapojisemea mwenyewe kuwa anafanya put off, mara nyingi anakiri kuwa jambo lenyewe ni zito kwake na kwamba anajivutavuta. Kwa Kiswahili hapo nisingetumia kuakhirisha, ningesema “kila siku nasema kesho nitakwenda kwa daktari wa meno”, kwa sababu huo ndio ukweli wa maneno yake.

Tukija kwa mtu, ndipo penye utajiri wa kitenzi hiki, na ndipo ninapotaka utulie. Maana inayotumika zaidi ni kumtoa mtu hamu, kumvunja moyo, au kumkirihisha jambo ambalo pengine angelipenda. Mfano ulio karibu nasi ni doriani. “The smell of durian puts many visitors off before they have tasted it”, yaani harufu ya doriani huwatoa hamu wageni wengi kabla hawajaionja. Angalia kuwa neno letu la kukinai halifai hapa. Anayekinai ameshakula akashiba mpaka akachoka, lakini anayefanyiwa put off anaweza kuwa hajagusa chochote. Ameona, amenusa au amesikia, na moyo wake ukarudi nyuma.

Maana hii ina muundo wake unaoweza kumpoteza msomaji aliye makini kabisa. Linganisha “I put off going” na “It put me off going”. Ya kwanza ni niliakhirisha kwenda. Ya pili ni jambo fulani lilinitoa hamu ya kwenda. Kilichoongezeka katikati ya “put” na “off” ni “me” tu, nacho kimeigeuza sentensi nzima, kwa sababu sasa aliyefanyiwa put off ni mtu, na kitenzi kinachofuata ndicho alichotolewa hamu nacho. Kwa muundo huo huo Mwingereza husema “The accident put him off driving”, ajali ile ilimtoa hamu ya kuendesha gari, na “The bad oyster put her off seafood for years”, chaza mbovu alimfanya avikatae vyakula vya baharini kwa miaka. Sentensi ya mgeni wako ingeweza kuandikwa kwa ukamilifu “The waves have put my husband off the trip”, na kama angeiandika hivyo huenda ungelihisi kuwa safari na mume wana nafasi mbili tofauti.

Unapoitafsiri maana hii using’ang’anie kulifanya jambo kuwa mtendaji kama Kiingereza kinavyofanya. Kiingereza husema mawimbi yamemfanya mume hivi. Mzanzibari atasema “mume wangu ameingia uzito kwa haya mawimbi” au “mume wangu ameghairi, ameiogopa bahari”, akamtanguliza mtu na kuliweka jambo nyuma yake. Ukimpelekea nahodha maneno ya namna hiyo atakuelewa papo hapo, na asingengoja.

Hali ya kutendwa pia hutumika sana, hasa katika kumtoa mtu wasiwasi, na hapa pana sentensi ambayo itakufaa kazini: “Don’t be put off by the stairs, the view from the roof is worth it.” Wenye nyumba za wageni katika Mji Mkongwe, ambako ngazi ni refu na zimesimama, wana haja nayo kila siku. Maana yake ni zisikuvunje moyo ngazi hizi, mandhari ya huko juu inastahiki taabu yake.

Mtu pia hufanyiwa put off kwa maana ya kuvurugwa akili akiwa katikati ya kazi. Mwanafunzi aliye kwenye mtihani akimwambia mwenzake anayegonga meza “Stop that, you’re putting me off”, hasemi kwamba amekirihika, anasema kuwa anatolewa kwenye fikra zake. Dalili ya maana hii ni kuwa sentensi kwa kawaida huwa katika hali ya kuendelea, na kazi yenyewe inafanyika wakati huo huo.

Halafu kuna kumzungusha mtu. “He keeps putting me off with promises” ni kila nikimwendea hunipa ahadi, njoo kesho, njoo keshokutwa. Kijineno “with” kikifuata, pamoja na ahadi au visingizio, maana ni hii bila ya shaka. Magazeti yetu huandika kuwa kesi “imepigwa kalenda”, na maneno hayo yanaibeba ladha ya put off katika sura zake mbili kwa pamoja: siku imesogezwa, na mwenye haki amezungushwa.

Ya mwisho kwa upande wa mtu ni ile ya kumtaka radhi mgeni uliyemwalika asije. “We had some friends coming on Saturday but we’ve had to put them off” ina maana kuwa marafiki wamepelekewa habari wasije Jumamosi, ama kwa sababu mwenyeji anaumwa au kwa dharura nyingine. Mgeni akikwambia hivyo naye alikuwa ameweka vyumba viwili, muulize kwa upole kama chumba cha marafiki zake kifutwe au kihifadhiwe kwa siku nyingine, kwa sababu sentensi yenyewe haikwambii.

Matumizi mengine nayapitia kwa haraka. Abiria wa Kiingereza anaweza kumwambia dereva “Could you put me off at the market?”, naye anaomba ashushwe sokoni, hakuna kingine. Kuhusu taa, “put off the light” ni Kiingereza cha zamani ambacho bado kinasikika sana katika skuli na nyumba zetu, na mgeni atakuelewa, lakini Waingereza wa leo husema “turn off” au “switch off”, nami nakushauri uandike hivyo katika maelekezo ya vyumbani. Usilichanganye na “put out”, ambalo ni kuzima moto, mshumaa au sigara.

Umeuliza kwa nini maneno hukatwa katikati. Kitenzi cha namna hii huruhusu kinachotendwa kikae katikati au mwishoni, hivyo “put the trip off” na “put off the trip” ni sahihi zote mbili na maana haibadiliki. Kinachotendwa kikiwa kirefu, ni bora kikae mwishoni, maana mtu asije akasahau kuwa kuna “off” inakuja: “put off the trip we had booked with your captain”. Kikiwa ni kiwakilishi kifupi kama “it”, “them” au “him”, lazima kikae katikati. “Put it off” ni Kiingereza, “put off it” si Kiingereza, na hapo hakuna hiari. Vivyo hivyo, muundo wa kumtoa mtu hamu na jambo fulani humweka mtu katikati daima, kama ulivyoona katika “put him off driving”. Kwa kuwa “put” na “off” zinaweza kuachana kwa maneno matatu au manne, jizoeshe kuisoma sentensi mpaka mwisho wake kabla ya kuamua maana ya “put”.

Katika kutamka, mkazo huangukia “off”. Na “off” yenye f mbili hutamkwa kwa sauti ya f, ilhali “of” yenye f moja hutamkwa kwa sauti ya v. Nayataja haya kwa sababu naona mara kwa mara “put of” katika maandishi ya vijana waliosoma vizuri, na sababu yake ni kwamba hakuna aliyewaambia kuwa hayo ni maneno mawili yasiyofanana hata kwa sauti.

Kuhusu barua za ofisi, put off haina utovu wa adabu, ila ni lugha ya mazungumzo na ya ujumbe mfupi. Mgeni aliyekuandikia kwa simu kwa maneno hayo unaweza kumjibu kwa maneno hayo: “Of course, we’ll put it off till Thursday.” Katika barua yenye kichwa cha hoteli andika “postpone”: “We regret that the excursion has been postponed until Thursday owing to strong winds.” Sifa ya “off-putting”, inayotokana na maana ya kutoa hamu, iache kabisa katika barua, kwa kuwa ni ya mazungumzo na inaeleza jambo lenye kuchusha, ukiitumia kuelezea bahari au chakula cha hoteli yako unamtangulizia mgeni ubaya.

Pia kumbuka kuwa si kila mgeni anayeandika Kiingereza amekizaliwa. Matemwe na pwani yote ile hupokea Wataliani na Wafaransa wengi, ambao nao, kama sisi, wamekisoma Kiingereza darasani na huenda put off wanaijua kwa maana moja tu. “Postpone” imetokana na Kilatini, na Mtaliani ana “posporre” katika lugha yake, hivyo ataielewa mara moja. Kwa wageni hao andika “postponed”, kisha uitaje siku mpya pamoja na tarehe na jina la mwezi, na saa ambayo nahodha atakuwa tayari ufuoni.